Namba za simu Kongo: si zako, si za kampuni, na zikigawiwa ovyo anayelipa ni raia

Unanunua kadi ya SIM kwa kijana wa kabini, unaandikishwa kwa kadi yako ya mpiga kura, kisha unawapa ndugu, wateja na mwalimu wa watoto namba mpya. Tangu siku hiyo unasema "namba yangu". Kumbe namba ile si yako. Wala si ya Vodacom, Airtel, Orange au Africell. Ni mali ya nchi, sawa na masafa ya redio. Serikali imeikopesha kampuni fungu la mamilioni ya namba, na kampuni imekukopesha wewe moja kutoka katika fungu hilo. Kitu cha kukopa kinaweza kudaiwa siku yoyote.

Zamani jambo hili liliwahusu mainjinia peke yao. Namba ilikuwa ya kupigia simu tu. Ukiipoteza, unachukua nyingine na kuwaarifu watu kumi. Leo namba ndiyo akiba ya benki ya mama anayeuza makaa Sake, ndiyo mlango wa WhatsApp ya familia iliyotawanyika kati ya Uvira, Kampala na Brussels, ndiyo anwani ambayo shirika la misaada linatumia kumtumia mkimbizi wa ndani pesa za chakula. Kwa hiyo nani anagawa namba hizo, anazigawa vipi, na anazirudisha sokoni baada ya muda gani, ni maswali yanayogusa mfuko wa kila raia.

Hesabu ya tarakimu tisa

Kwanza tuelewe namba yenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linaloitwa UIT kwa Kifaransa, limeweka kanuni kwamba namba ya simu ya kimataifa isizidi tarakimu 15, ukihesabu pamoja na zile za nchi. Za kwetu ni 243. Majirani tunawajua: Kongo-Brazzaville 242, Angola 244, Rwanda 250, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Zambia 260, Afrika ya Kati 236. Sudani Kusini ilipata 211 mwaka 2011 ilipojitawala. Taifa jipya hupewa bendera, wimbo na tarakimu za simu, na katika shughuli za kila siku hizo za simu ndizo zinazotumika zaidi.

Baada ya 243 zinafuata tarakimu tisa. Tukipiga simu ndani ya nchi tunatanguliza sifuri, ndiyo maana tunaona kumi. Namba za simu za mkononi zinaanza na 8 au 9. Tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazoonyesha kampuni, na kila mtoto wa Goma au Lubumbashi anazitambua: 81, 82 na 83 ni Vodacom, 97, 98 na 99 ni Airtel, 84, 85 na 89 ni Orange, 90 ni Africell. Zinabaki tarakimu saba, na tarakimu saba zinatoa namba milioni 10. Kumbe kampuni inapopewa tarakimu mbili za mwanzo, inapewa namba milioni 10 kwa mkupuo mmoja. Kampuni yenye tatu ina namba milioni 30 mkononi.

Ukichukua zote zinazoanza na 8 na zote zinazoanza na 9, unapata namba milioni 200. Wakazi wa Kongo wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Mtu atasema: basi tatizo liko wapi? Namba mbili kwa kila roho, hata mtoto wa jana!

Tuangalie Kenya. Kule namba za mkononi zilianza na 07, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa namba milioni 100. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Uwiano unakaribiana na wetu: namba mbili na kidogo kwa kila mkazi. Hata hivyo mwaka ule ule wa 2019 mdhibiti wa Kenya alilazimika kufungua namba zinazoanza na 01, kwa sababu za 07 zilikuwa zinaelekea kwisha. Watu hawakuwa wamezaana ghafula. Namba zilikuwa zimegawiwa kwa mafungu makubwa, nyingine zimelala katika SIM zilizotupwa, nyingine ziko dukani, nyingine katika mita na vyombo vinavyotumia mtandao, na watu wenyewe wana SIM mbili au tatu kila mmoja.

Sisi pia tuna SIM tatu. Si kwa mapenzi. Mtandao mmoja unashika vizuri mjini na kufa njiani kwenda Walikale, mwingine unashika kijijini kwa wazazi, na kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kwa muda mrefu kumekuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao huo huo. Raia anafanya hesabu yake na kununua SIM ya kila kampuni. Kwa hiyo bei ambayo makampuni yanatozana ili kupokea simu za wenzao, bei ambayo mdhibiti ana uwezo wa kuipanga, ni jambo la namba pia. Ikishuka, watu wanabaki na SIM moja au mbili, na mamilioni ya namba yanapumua bila mtu kunyang'anywa kitu.

Tulikotoka

Simu ya mkononi iliingia nchini mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Katika miaka ya 1980, nchi ikiitwa Zaire, Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare ilikuwa na wateja matajiri na wakubwa wa serikali waliotembea na vyombo vizito kama tofali. Simu za waya za serikali zilikuwa zimechakaa, na namba zilizowekwa kwa ajili yake zikabaki zimelala katika vitabu. Hakuna aliyefikiri kuhusu kubana matumizi ya namba, maana wenye simu walikuwa wachache mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yalibadilika ghafula. Celtel ilikuja, ambayo baadaye iligeuka Zain, kisha Airtel mwaka 2010. Vodacom ilianza mwaka 2002. Tarehe 16 Oktoba ya mwaka huo huo Kinshasa ilitoa sheria mbili: ya 013/2002 juu ya mawasiliano, na ya 014/2002 iliyounda mdhibiti, ARPTC. Wakati huo Goma, Bukavu na Kisangani zilikuwa chini ya waasi wa RCD, na karatasi ya Kinshasa haikufika mbali. Sheria mpya, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. ARPTC imebaki na kazi ya kusimamia mpango wa namba wa taifa: kuamua kampuni gani ipewe fungu gani, na kwa masharti gani.

Makampuni nayo yamekuwa yakizaliwa, kufa na kumezana. Watu wa Goma na Bukavu wanakumbuka Supercell na namba zake za 80. Congo Chine Télécoms, tuliyoizoea kwa jina la CCT, ilinunuliwa na Orange mwaka 2011, na 84 ikaenda nayo. Tigo ilinunuliwa na Orange hiyo hiyo mwaka 2016, na 89 ikaenda nayo. Kwa mteja ilikuwa nafuu: alilala Tigo akaamka Orange, namba ni ile ile. Lakini kampuni inaponunua nyingine, hununua pia ghala la namba ambazo nyingi hazina mtu. Hapo ndipo mdhibiti anapotakiwa kuuliza: katika hizi milioni 10, ngapi zina mteja aliye hai? Zilizobaki zirudishwe, au angalau kampuni isipewe fungu jipya kabla ya kuzitumia.

Fungu la elfu kumi kwa wateja mia mbili

Nchi zilizopuuza swali hilo zimelipa. Marekani ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Kule namba ziligawiwa kwa mafungu ya 10,000, na kila kampuni ilitakiwa kuwa na fungu lake katika kila eneo dogo la bei. Kampuni ilipokuwa moja, haikuwa taabu. Mwaka 1996 sheria mpya ilifungua soko, makampuni mapya yakamiminika, na kila moja likadai elfu kumi zake katika kila eneo. Kampuni yenye wateja 200 mahali fulani iliketi juu ya namba 9,800 zisizotumika, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mji baada ya mji uliishiwa namba huku namba zimejaa ghalani. Watu wakabadilishiwa tarakimu za eneo, wafanyabiashara wakachapisha upya kadi na mabango yao.

Dawa ilijaribiwa mwaka 1998 katika vitongoji vya Chicago: fungu la elfu kumi likakatwa vipande vya elfu moja moja, na kila kampuni ikachukua kipande inachohitaji. Mwaka 2000 mdhibiti wa Marekani aliamua mtindo huo uenee nchi nzima. Aliongeza sharti jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi: kampuni haipati namba za nyongeza mpaka ionyeshe kwamba sehemu kubwa ya zile ilizonazo zinatumika. Walianza na asilimia 60, wakapandisha polepole hadi 75.

Uingereza ilichukua njia ya mfuko. Tangu Aprili 2013, katika maeneo 30 yaliyokuwa na uhaba, kampuni ilitozwa peni 10 kwa kila namba kwa mwaka. Pesa ndogo sana kwa namba moja. Kwa kampuni iliyoshika namba laki tatu za bure, ni pauni 30,000 kila mwaka kwa kitu kisichoingiza chochote. Mhasibu anaona mstari huo katika daftari na kuuliza kwa nini wasizirudishe.

Afrika Magharibi na ya Kati zimelipa kwa njia nyingine, ya kurefusha namba. Kameruni ilipanda kutoka tarakimu nane hadi tisa mwezi Novemba 2014. Côte d'Ivoire ilitoka nane hadi kumi tarehe 31 Januari 2021: Orange ikatangulizwa 07, MTN 05, Moov 01. Benin ikafanya hivyo hivyo tarehe 30 Novemba 2024 kwa kutanguliza 01 mbele ya kila namba. Kwa mainjinia ni kazi ya usiku mmoja. Kwa raia, kila jina katika simu linatakiwa kurekebishwa, kila bango la duka, kila fomu ya hospitali, kila orodha ya benki. Na ndugu wa Ulaya asiyesikia tangazo anapiga namba ya zamani na kudhani nyumba nzima imekufa.

Sisi tuna tarakimu tisa, hatujafika hapo. Tukiendelea kugawa milioni kumi kumi kwa mkupuo, tutafika.

Namba iliyokufa hufufuka kwa mtu mwingine

Sasa tuje kwenye sehemu inayouma. Kampuni inayotaka namba bila kuomba fungu jipya ina njia rahisi kuliko zote: kuchukua namba zilizonyamaza na kuziuza tena. SIM isipopiga wala kununua yuniti kwa muda ulioandikwa katika masharti ya kampuni, inafungwa. Namba inapumzishwa kidogo, kisha inawekwa kwenye SIM mpya na kurudi kwa kijana wa kabini.

Hakuna ubaya katika wazo lenyewe. Bila hilo nchi yoyote ingeishiwa namba. Ubaya uko katika muda, na katika kile kinachobaki kimefungwa kwenye namba baada ya mwenyewe kuondoka.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, waliangalia namba 259 ambazo makampuni mawili makubwa yalikuwa yakiwapa wateja wapya. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungwa kwenye akaunti za watu wa zamani katika tovuti maarufu. Mnunuzi mpya mwenye nia mbaya angeweza kuomba neno jipya la siri, ujumbe ukaja kwake, na akaingia. Kule mdhibiti ameshaamuru kwamba namba iliyoachwa ikae angalau siku 45 kabla ya kupewa mtu mwingine, na tangu Novemba 2021 kuna daftari ambamo benki na biashara zinaweza kuuliza kama namba fulani imebadilisha mwenyewe. WhatsApp nayo ina kanuni yake: akaunti ikinyamaza siku 45, kisha namba ikafunguliwa kwenye simu nyingine, inachukulia kwamba namba imepata mtu mpya na kufuta picha na maelezo ya wa kwanza.

Siku 45 zinaweza kutosha mahali ambapo mtu mwenye shida ya simu huenda dukani siku inayofuata. Hebu zipime kwa hali ya Kivu ya Kaskazini. Tuseme mwanamke ametoroka mapigano Masisi. Simu imebaki nyumbani au imenyang'anywa njiani. Antena ya kijiji imezimwa. Anafika kambini, hana pesa ya simu nyingine, na hata akipata, duka la kampuni liko mjini. Miezi minne inapita. Kwa kompyuta ya kampuni iliyoko Kinshasa, huyu ni mteja aliyeacha mtandao. Namba yake ni "mali isiyotumika", inayofaa kurudishwa sokoni kwa jina la matumizi bora.

Siku anapokwenda kudai namba yake, ataulizwa kitambulisho. Nchi yetu imeishi miaka mingi bila kitambulisho cha taifa kilichoenea. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayofanya kazi hiyo. Na kwa uchaguzi wa Desemba 2023, shughuli ya kuandikisha wapiga kura haikufanyika katika wilaya za Masisi na Rutshuru, wala Kwamouth kule magharibi, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hao hao waliopoteza SIM ndio wasio na karatasi mpya ya kuthibitisha kwamba ilikuwa yao.

Na ndani ya SIM kulikuwa na pesa. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zinajulikana hadi vijijini. Mji wa Goma ulipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, benki zilifungwa milango. Mshahara, kodi ya nyumba, msaada wa ndugu wa ng'ambo, vyote vikategemea simu. Watu wakawa wanalipa asilimia kwa wabadilishaji ili kupata noti za kushika mkononi. Katika mji wa namna hiyo, kumfungia mtu namba ni sawa na kumfungia akaunti.

Hapo pana ufa ambao haujazungumzwa vya kutosha. Namba iko chini ya ARPTC. Pesa iliyo ndani ya namba iko chini ya Benki Kuu ya Kongo. Kampuni inaweza kuwa imefuata kanuni zote za namba na bado mteja akaachwa hajui salio lake limekwenda wapi. Ofisi hizi mbili zikikaa meza moja, jambo la kwanza la kuandika ni fupi: namba yenye salio la pesa isiuzwe tena mpaka mwenyewe atafutwe kwa njia nyingine, na salio lake litengwe kwa jina lake, si kwa namba.

Kubana wapi, kulegeza wapi

Wengine watasema ukichelewesha kurudisha namba zilizokufa, unaongeza upotevu. Ni kweli kwa kiasi. Lakini angalia ukubwa wa vitu viwili hivi. Kumwongezea raia wa mashariki miezi sita au mwaka kabla ya namba yake kuuzwa kunaweza kushikilia laki kadhaa za namba kwa muda. Kutoa tarakimu mbili mpya kwa kampuni ambayo haijajaza zile za zamani kunashikilia milioni 10, na pengine kwa miaka mingi. Anayetaka kweli kubana matumizi aanze juu, kwenye mafungu, kabla ya kumfikia mama wa Sake.

Kuanzia juu maana yake ni hivi: fungu la milioni 10 likatwe vipande vya milioni moja, hata laki moja. Zamani mitambo ilikuwa inapata shida kutambua vipande vidogo, ndiyo maana makampuni yalipenda tarakimu mbili nzima, pamoja na sifa ya kusema "sisi ni 81" au "sisi ni 99". Mitambo ya leo haina shida hiyo. Kila kampuni itoe ripoti kila mwaka: namba zilizo na wateja, zilizo dukani, zilizo mapumzikoni, zilizotengwa kwa ajili ya mita na vyombo. Zilizotengwa kwa matajiri pia zitajwe, zile namba tamu zenye 00000 mwishoni ambazo hazionekani kwenye kabini hata siku moja. Na ripoti hiyo itangazwe. Raia akijua kwamba kampuni fulani imetumia nusu tu ya fungu lake, ataelewa haraka kwa nini haistahili jingine.

Ushuru wa namba kama wa Uingereza unaweza kusaidia, ila hapa nina wasiwasi. Wakongomani hawajasahau RAM, ile kodi ya kuandikisha simu iliyokatwa kwenye yuniti za watu: dola 1.17 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Watu walilalamika, bunge likapiga kelele, na mwaka 2022 serikali ikaiondoa. Ukisema leo neno "kodi" karibu na neno "simu", kila mtu anashika mfuko wake. Ushuru wa namba ungefaa tu kama unatozwa kwa namba ambazo kampuni imezilaza, huku namba yenye mteja hai isilipiwe kitu. Hapo kampuni haina kisingizio cha kumpelekea mteja gharama, na njia yake ya kukwepa ni moja, kuzirudisha.

Upande wa raia, sheria zikisubiriwa, kuna mambo madogo ya kufanya. SIM ya akiba iliyo kwenye droo ipigie simu au itilie yuniti kidogo mara kwa mara, hasa kama ina pesa ndani. Ukiacha namba kwa hiari, toa pesa kwanza, kisha badilisha namba kwenye WhatsApp, kwenye barua pepe na benki kabla ya kutupa SIM. Weka tarakimu za siri za hatua ya pili kwenye WhatsApp, kwa sababu ndizo zinazomzuia atakayerithi namba. Piga picha ya kadi yako ya mpiga kura na ya karatasi yenye namba ya SIM, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Na ukinunua SIM mpya, kisha simu zikaanza kuingia zikimuuliza mtu usiyemjua, usimkasirikie anayepiga. Mwambie namba imebadilisha mwenyewe, na ikiwezekana mwombe amfikishie yule wa zamani habari hiyo, maana huenda yuko mahali fulani anasubiri pesa zinazoingia kwako.